Neno la Kiingereza “surprise”: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa Kiingereza, wafasiri wanaoanza kazi, na ndugu walioko ughaibuni wanaopokea barua zenye neno hili wakabaki kujiuliza kama wamepewa zawadi au wamedaiwa. Sikuyapanga kwa mpangilio wa kitabu cha sarufi. Kama una nafasi ya kusoma swali moja tu, soma la pili, maana ndilo linalowaangusha wengi.

Kwa ufupi, “surprise” maana yake nini?

Ni jambo ambalo mtu hakulitarajia. Ni hali pia inayompata mtu anapokutana na jambo hilo. Tena ni kitendo cha kumletea mtu jambo hilo. Neno moja, mizigo mitatu. Sisi tumeigawa: mshangao ni hali ya moyoni, kushangaza ni kumtia mtu hali hiyo, kushtukiza ni kumwendea mtu bila taarifa. Ukikariri “mshangao” peke yake, utasoma “surprise attack” ukaandika “shambulio la mshangao”, na kila Mswahili atakayeisoma ataona kuna kitu kimekwama. Ni shambulio la kushtukiza.

Kwa nini naambiwa nimekosea nikisema “I surprised to see you”?

Kwa sababu umesema Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Sisi husema “nilishangaa kukuona”. Anayeshangaa ndiye mwenye kitenzi, hana haja ya kufanywa na mtu mwingine. Kwa hiyo mwanafunzi anatafuta kitenzi cha “kushangaa”, anapata “surprise”, anakiweka wakati uliopita, anamaliza.

Shida ni kwamba “surprise” si kushangaa. Ni kushangaza. Ile -za tunayoipachika mwishoni kuonyesha kwamba mtu amesababisha jambo, kwao imo ndani ya kitenzi tangu mwanzo. Ukisema “I surprised”, umesema “nilishangaza”, na msikilizaji anangoja umtaje uliyemshangaza. Ukikaa kimya, sentensi imebaki mguu mmoja hewani.

Ili Mwingereza ashangae, lazima atendwe: “I was surprised to see you.” Hiyo “was” ndiyo inayosahaulika kwenye madaftari kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu.

Njia ninayowapa wanafunzi ni hii. Kiswahili nacho kina namna ya kusema jambo hili kwa kutendwa: “nilishikwa na mshangao”, “nilipigwa na butwaa”. Hapo mtu ameshikwa, amepigwa, hakujifanyia. Kila unapotaka kusema “nilishangaa” kwa Kiingereza, ipitishe kwanza kichwani kama “nilishikwa na mshangao”, na “was” itakuja yenyewe.

Kwa hiyo: “She surprised me” ni alinishangaza. “I was surprised” ni nilishangaa. “Her answer was surprising” ni jibu lake lilishangaza. “Her answer surprised me” ni jibu lake lilinishangaza.

Basi “surprised” na “surprising” nitazitofautisha vipi?

“Surprised” ni ya anayeshikwa na mshangao, “surprising” ni ya kinachomshika. “A surprised teacher” ni mwalimu aliyeshangaa. “A surprising teacher” ni mwalimu mwenye vituko, anayewashangaza wengine. Kanuni hii inafuata vitenzi vingi vya hisia: “bored” na “boring”, “confused” na “confusing”, “disappointed” na “disappointing”. Anayeandika “I am boring” akidhani analalamika kwamba kipindi kimemchosha, amejitangaza kwamba yeye ndiye anayechosha watu.

Neno hili limetoka wapi?

Limetoka Kifaransa. “Surprendre” ina sehemu mbili, “sur”, yaani juu ya, na “prendre”, yaani kushika au kuchukua, yenye asili yake katika Kilatini. Liliingia Kiingereza mwishoni mwa Zama za Kati, na katika karne ya 15 lilihusu zaidi kuvamia na kuteka: ngome, mji, au mtu aliyekuwa hajajiandaa. Maana ya mtu kushangaa tu moyoni, bila mkuki wala upanga, ilikuja kushika nguvu baadaye.

Historia hiyo ndiyo inayoeleza lile swali la pili. Aliyeshambuliwa hasemi “nilishambulia”. Husema “nilishambuliwa”.

Waingereza wenyewe hawajaisahau maana ya zamani. Mwaka 1796 wanamaji wao waliiteka meli ya Kifaransa iliyoitwa Unité, wakaibadilisha jina kuwa HMS Surprise. Hawakuwa na keki akilini. Mwezi Oktoba 1799 meli hiyohiyo ilipeleka watu wake kwa mashua usiku hadi bandari ya Puerto Cabello, katika Venezuela ya leo, wakaikomboa HMS Hermione iliyokuwa imeangukia mikononi mwa Wahispania baada ya mabaharia wake kuasi. Meli ilifanya kama jina lake.

Nimesoma gazetini: “The owner surprised a burglar in the kitchen.” Alimpa zawadi mwizi?

Hapana. Hiyo ni ile maana ya kale ikiwa hai bado: mwenye nyumba alimfuma mwizi jikoni. Kitenzi chetu kinachokaribia kabisa ni kufuma, yaani kumkuta mtu papo hapo katikati ya jambo lake. Kufumania nako kumo kwenye ukoo huo, ila mtaani kumeelemea sana mambo ya ndoa, kwa hiyo ukiandika kwamba mwenye nyumba alimfumania mwizi, wasomaji wataanza kuuliza mwizi alikuwa na nani.

Angalia mshangao wa nani unasemwa. Katika sentensi hii aliyeshtuka ni mwizi, ingawa mwenye nyumba naye, tuseme kweli, hakulala usingizi tena usiku ule.

“Element of surprise” ni nini?

Ni ile faida unayoipata kwa sababu adui, mpinzani au mshindani wako hajui kwamba unakuja, au hajui utapitia wapi. Kwa Kiswahili naona “nguvu ya kushtukiza” inatosha. Jeshi la Marekani limeihesabu “surprise” kati ya kanuni zake tisa za vita, bega kwa bega na mambo kama usalama na umoja wa uongozi.

Mfano mzuri wa kuipoteza uko kwetu, Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India kuuteka mji, ambao mwanzoni ulikuwa na walinzi wachache mno. Tarehe 2 Novemba, kabla ya kushusha askari, nahodha wa manowari HMS Fox aliingia bandarini akawaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoishambulia Tanga yamekwisha. Yaani alibisha hodi. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapata muda wa kuwashusha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, na mapigano yalipopamba moto alikuwa na watu kama 1,000 tu, lakini waliokwisha jipanga. Nyuki nao wakatoka mizingani wakawashukia askari. Tarehe 5 Novemba Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha bunduki na risasi nyingi ufukweni.

Kwa Kiingereza utasema: “They lost the element of surprise.” Ukitaka kuifasiri kwa maneno ya kila siku, sema tu kwamba walijulikana wanakuja.

“Surprise visit” nayo?

Ziara ya kushtukiza. Msemo huu ulikuwapo zamani, ila Watanzania wengi wanaukumbuka kwa Novemba 2015. Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5, na kesho yake akatoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti kadhaa havina watu. Tarehe 9 akatokea Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Magazeti ya Kiingereza yakaandika “surprise visit”, ya Kiswahili yakaandika “ziara ya kushtukiza”, na tangu hapo kila mkuu wa wilaya anayetaka kuonekana yuko kazini amefanya moja au mbili, nyingine zikiwa na wapiga picha waliofika kabla yake.

Kwa mtindo huohuo: “surprise inspection” ni ukaguzi wa kushtukiza, “surprise test” ni mtihani wa kushtukiza. Wamarekani huuita mtihani huo “pop quiz”.

Niko Marekani. Nimeona kwenye karatasi za hospitali maneno “surprise bill”. Nifurahi?

Usifurahi, lakini usilipe haraka pia. “Surprise bill” ni ankara ya matibabu ambayo mgonjwa hakuitarajia, hasa pale anapokuwa na bima, akatibiwa na daktari au hospitali isiyo na mkataba na bima ile, kisha akadaiwa tofauti yote.

Kuna sheria ya taifa inayoitwa No Surprises Act, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwa watu wenye bima nyingi za kawaida, inakataza kudaiwa tofauti hiyo kwa huduma za dharura, hata kama waliokutibu hawana mkataba na bima yako. Inakulinda pia ukienda hospitali yenye mkataba, halafu daktari wa nusukaputi, kwa mfano, akawa hana. Ndege za wagonjwa zimo. Gari la wagonjwa la barabarani halimo kwenye sheria hiyo ya taifa, na hapo ndipo watu wengi wanapochomwa, ingawa baadhi ya majimbo yana sheria zao.

Kama huna bima, au umeamua kulipa mwenyewe, una haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kwa matibabu yaliyopangwa mapema. Ankara ikija imezidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, unaweza kufungua malalamiko ndani ya siku 120 tangu tarehe ya ankara. Weka karatasi zako. Ukifasiri karatasi hizi kwa ajili ya mzee au mama asiyejua Kiingereza, usiandike “bili ya mshangao”. Andika “ankara usiyoitarajia”, ataelewa mara moja kwamba ni jambo la kuulizwa.

Nitumie “surprised at” au “surprised by”?

Zote ni sahihi. “By” hukaa vizuri na kilichosababisha: “I was surprised by the noise.” “At” huelekea zaidi kwenye maoni yako juu ya jambo: “I was surprised at how cheap it was.” Usipokuwa na uhakika, tumia “by”.

“With” ina kazi yake peke yake, ya kitu ulicholetewa: “They surprised her with a cake”, walimletea keki bila yeye kujua. “Surprised of” haipo. Kabla ya kitenzi tumia “to”: “surprised to hear”. Kabla ya sentensi kamili tumia “that”, au uiache kabisa.

Bosi wangu Mwingereza ameniandikia: “I am a little surprised that the report has not arrived.” Nimjibu nini?

Tuma ripoti. Kisha omba radhi.

Hili si swali la sarufi, ni la tabia ya watu, na linastahili kuelezwa taratibu. Katika Kiingereza cha ofisini, hasa cha Uingereza, “I am surprised” mara nyingi ni karipio lililovalishwa suti. Maana yake: nilikuchukulia kuwa mtu wa kuaminika, na sasa nina mashaka. Ule “a little” haupunguzi kitu, wakati mwingine unaongeza. Msomaji wa Kiswahili anaona mtu ameshangaa kidogo, tena kwa upole, anajibu “Thank you, I will send it”, na hajui kwamba jina lake limeshawekewa alama.

Kali zaidi ni “I'm surprised at you.” Hapa mtu haulizi lolote. Ni yale mama anayomwambia mtoto aliyemwamini, “Yaani wewe wa kufanya hivi?” Kwa tafsiri, “sikulitegemea hili kwako” ndiyo inayobeba uzito wake. Ukiandika “nakushangaa” hukukosea, maana Mswahili anayesema “nakushangaa” kwa sauti ya chini naye hajaja kukusifu.

“To my surprise” nitaifasiri vipi bila kusema “kwa mshangao wangu”?

“Kwa mshangao wangu” inaeleweka, lakini inanuka wino wa mfasiri. Mara nyingi Kiswahili kimeshaliweka jambo hilo ndani ya neno moja: kumbe. “To my surprise, he was the owner of the shop.” Kumbe ndiye mwenye duka! Hakuna haja ya kutaja moyo wa msemaji. Kumbe imeshamwambia msomaji kwamba ulidhani vingine na ukweli umekugeuka.

Sentensi isipokubali kumbe, jaribu “cha kushangaza” au “cha ajabu”: cha kushangaza, hakuna aliyelalamika. Na kama jambo lilitokea kwa kasi, sisi tuna “ghafla bin vuu”, ambayo haifai ripoti ya benki lakini inafaa hadithi.

Kurudi nyuma, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kumbe ndiyo inayowatesa wafasiri. “Kumbe ulikuwepo!” haiwezi kuwa “To my surprise, you were present!” Mwingereza angesema “Oh, you were here all along!”, mshangao ukiwa kwenye sauti na kwenye “Oh”.

“I wouldn't be surprised if he came tomorrow” maana yake atakuja au haji?

Msemaji anaona upo uwezekano mzuri wa kuja. Kiswahili kina kitu kinacholingana nayo vizuri: si ajabu akaja kesho. Zingatia kwamba Kiingereza kinaweka “came”, umbo la wakati uliopita, ingawa habari ni ya kesho. “It comes as no surprise” nayo ni ndugu yake: haishangazi, au si ajabu kwamba.

“Surprised”, “amazed”, “astonished”, “shocked”, “startled”: zinapishana wapi?

“Surprised” ndiyo ya kawaida, haina uzuri wala ubaya. “Amazed” imeelemea kwenye mazuri, kustaajabu na kufurahia. “Astonished” ni kushangaa sana, kubaki mdomo wazi, kuduwaa. “Shocked” imeelemea kwenye mabaya: habari ya msiba, kashfa, bei ya vitunguu mwezi wa Ramadhani. Mwanafunzi akisema “I was shocked by your beautiful wedding”, bibi harusi atakasirika.

“Startled” ni ya mwili zaidi kuliko akili. Ni kugutuka: mlango umepigwa kwa nguvu, umeruka kabla hujajua kuna nini. Kushtuka kwetu kunabeba “startled” na “shocked” pamoja, kwa hiyo unapokwenda Kiingereza lazima uamue kama mtu aliruka au aliumia.

Kwa wale wanaouliza Kiingereza cha “ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni”: “You haven't seen anything yet” inafikisha ujumbe, ila Musa na Firauni wamebaki njiani.

Kwa nini watu husema “Surprise, surprise!” kwa jambo ambalo kila mtu alilijua?

Ni kejeli. “Surprise, surprise, the bus is late”: basi limechelewa, nani alidhani litawahi? Sisi tungesema “ajabu hiyo!” kwa sauti ya kuvuta, au “kama kawaida”. Ikisemwa mara moja tu kwa sauti ya juu, “Surprise!”, huku taa zikiwashwa na watu wakitoka nyuma ya makochi, hiyo ni ya kweli.

Ni lazima niweke “a”?

Ikiwa ni tukio au kitu, ndiyo: “It was a surprise”, “I have a surprise for you.” Ikiwa ni hali ya moyoni, hapana: “She looked at me in surprise.” Na kuna misemo iliyoganda ambayo huichezei: “take by surprise”, “catch by surprise”. “The rain took us by surprise” ni mvua ilitukuta hatujajiandaa.

Mtaani kote wanasema “sapraizi”. Ni Kiswahili?

Kinachosemwa na watu Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, kikapewa ngeli na kunyambuliwa, kimeshaingia nyumbani, upende usipende. Tunasema sapraizi hii, sapraizi hizi, amenisapraizi, wamemfanyia sapraizi.

Ila tazama lilivyosinyaa njiani. Sapraizi ya mtaani ni jambo jema la kupangwa: keki, maua, mume aliyerudi safari bila kusema, rafiki wanaokumwagia maji siku yako ya kuzaliwa ukiwa umevaa nguo mpya (hilo la mwisho, wema wake unajadilika). Hakuna anayesema majambazi waliifanyia benki sapraizi. Kwa hiyo kijana aliyelijua neno kupitia sherehe akikutana na “surprise attack” au “surprise bill”, maana aliyo nayo haimtoshi.

Ushauri wangu kwa waandishi: kwenye habari na nyaraka, tumia kushtukiza, kutotarajia, kushangaza. Kwenye ujumbe kwa mpenzi, andika sapraizi. “Nimekuandalia mshangao” inasomeka kama tangazo la wizara.

Herufi zake mbona zinanichanganya?

Ina r mbili, moja kabla ya p na moja baada yake. Watu huandika “suprise” kwa sababu wanaandika wanachosikia: Waingereza wengi hawaitamki ile r ya kwanza, na Wamarekani wengi nao huimeza. Mkazo uko silabi ya pili. Ile s ya mwisho hutamkwa z, na hilo likawafanya waandishi wa karne ya 18 kuandika “surprize” bila wasiwasi. Leo ni kosa pande zote mbili za Atlantiki, hata Marekani wanakopenda z. Sababu ni kwamba “-ise” hapa si kile kiambishi cha “realize” na “organize”. Ni sehemu ya shina lililotoka Kifaransa, kama ilivyo kwenye “enterprise” na “comprise”.

Unashangaa nini? Hiyo kwa Kiingereza ni “What are you surprised?”

Hapana, wala si “Why are you surprised?” kila mara. Kushangaa kwetu kuna maana ya pili ambayo “surprise” haina kabisa: kutazamatazama, kuzubaa. Kondakta anayemfokea abiria “acha kushangaa, panda!” hamwambii habari za hisia. Kwa Kiingereza hiyo ni “stop staring”, au “stop standing around”. Mgeni wa Kariakoo anayeshangaa magorofa huku simu yake ikiondoka mfukoni anaitwa kwa Kiingereza “gawking”, na dakika moja baadaye ndipo anapokuwa “surprised”.

Wanasayansi nao wanalitumia?

Sana, kwa namna mbili. Wanasaikolojia wanaomfuata Paul Ekman huihesabu katika hisia sita za msingi zinazosomeka usoni: nyusi zimepanda, macho yamemtoka pima, taya limeshuka. Wanahisabati wa habari, tangu kazi ya Claude Shannon ya 1948, wameifanya kuwa kitu cha kupimika. Jambo lisilotarajiwa linabeba habari nyingi kuliko lililotarajiwa. Kipimo cha habari ni biti: kurusha sarafu isiyo na hila kunakupa biti 1. Kurusha dadu la pande sita kunakupa kama biti 2.58, kwa sababu kubahatisha matokeo yake ni kugumu zaidi. Wao kipimo hicho hukiita “surprisal”, na usilitumie kwenye insha ya mtihani, mwalimu atadhani umekosea herufi.

Kuna mtu anaweza kuitwa Surprise?

Kusini mwa Afrika ni jina la kawaida, pamoja na akina Blessing na Gift. Surprise Moriri aliichezea Mamelodi Sundowns na alikuwa katika kikosi cha Afrika Kusini cha Kombe la Dunia la 2010. Katika habari za michezo jina halifasiriwi, kwa hiyo usije ukaandika kwamba goli lilifungwa na Mshangao.

Ni jina la mji pia. Surprise iko jimbo la Arizona, karibu na Phoenix. Inasimuliwa huko kwamba Flora Mae Statler, aliyeuanzisha mwaka 1938, aliupa jina hilo kwa kuwa alisema angeshangaa kama ungewahi kuwa mji wa maana. Leo una wakazi zaidi ya 140,000.